Tulipotaka karafuu zijianue zenyewe Kidichi

Wakuu, kwema humu? Mimi ni msomaji wenu wa kimyakimya wa siku nyingi. Leo nna kisa changu, na chumvi sitii kwa sababu chenyewe kimekolea.

Shule niliiacha mapema na kazi sidumu nayo. Nimepaka rangi nyumba Mpendae, nimeosha vyombo hotelini Mji Mkongwe. Kuuliza maswali tu ndiko hakujanichosha.

Msimu uliopita nikaangukia kwenye crew ya watu wanne waliokuwa wakitengeneza filamu fupi. Kazi yangu ilikuwa kubeba stendi na kuvuta uzi.

Uzi gani? Ngoja.

Script ilikuwa ya mama wa Kidichi anayeishi peke yake. Ameanika karafuu uani, uchovu umemlaza, mvua inakuja. Karafuu zinaamka, zinapanga foleni, zinaingia ndani.

Mimi niliipenda. Nikasema hatimaye kuna filamu inayomwonea huruma mtu wa kazi.

Bi Mwanajuma, mjane, akakubali kuigiza kwake, kwa karafuu zake mwenyewe. Zilikuwa jamvini siku ya tatu, mavuno yake yote. Mnaoanika mnajua: zikinyeshewa kabla hazijakauka zinaharibika, na kuchuma na kuchambua kote kumekwenda bure.

Sharti lake lilikuwa moja. "Wingu likifunga, kila mtu aache alichoshika, tuanue."

Sote tukaitikia.

Nikafunga karafuu moja moja kwenye uzi mwembamba, kama tasbihi, nikakaa mlangoni kuuvuta. Bi Mwanajuma akalala kitandani pale uani. Aliambiwa asifumbue macho mpaka aitwe.

Alasiri wingu likafunga. Saidi, director wetu, akafurahi.

"Hii ndiyo mvua yenyewe. Vuta taratibu. Tuipate mara moja tu, kisha tuanue."

Tone la kwanza likanidondokea mkononi. Bi Mwanajuma kafumba macho, katuamini.

Nikaendelea kuvuta.

Hapo akatokea Bi Riziki, jirani wa nyuma ya ua. Hao wawili walikuwa hawasemezani tangu wagombane juu ya mfenesi wa mpakani. Alikatiza mbele ya kamera, kanga inaburura chini.

"Nyie mna wazimu? We Mwanajuma, umelala kama maiti na karafuu zinaroa?"

Bi Mwanajuma akafumbua jicho moja. "Nnaigiza."

"Utaigiza kesho. Shika ncha hiyo."

Uzi nikautupa. Tukakunja jamvi sote tukaliingiza ndani. Upande mmoja tu uliroa.

Mvua ikapiga. Wale wawili wakakaa chini wakitoa zilizoroa na kuzitenga. Mfenesi hakuutaja mtu.

Baadaye Bi Mwanajuma akamgeukia Saidi. "Filamu yenu nzuri, mwanangu. Kutembea zitembee, sina ugomvi. Lakini zikiingia ndani zenyewe, huyu angeingiaje kwangu?"

Saidi akatoa script mfukoni akakata ukurasa mzima kwa kalamu.

Filamu ilipokamilika tuliionesha palepale uani, kwenye shuka. Sasa karafuu zinaamka, zinapanga foleni, zinaupita mlango wa mwenyewe. Zinapenya chini ya ua, zinapanda kizingiti cha jirani, zinagonga.

Bi Riziki alikuwa kakaa mkeka mmoja na mwenzake. Akatazama mpaka mwisho.

"Mimi sikugongewa na mtu," akasema. "Nilikuja mwenyewe."

Wakuu, nilidhani muujiza ni kumtua mtu mzigo. Siku ile niliona mzigo wenyewe ndio uliomleta mtu. Na bado najiuliza kwa nini niliendelea kuvuta ule uzi.

Nyie kwenye kazi zenu, kitu gani kingeamka kitembee, na kingekwenda kugonga kwa nani? Andikeni hapa chini. Mimi wiki nzima nimeuwaza mlango ambao changu kingeugonga, sijaupata.