Dirisha la Darasa la Tatu

Nilipokuwa mdogo sana, sijajua hata kufunga vifungo vya shati, nilipelekwa Marafa kukaa kwa mjomba wangu msimu mmoja. Mjomba alikuwa na mbuzi wengi, na nzi wengi zaidi. Asubuhi moja nanywa uji, nikahisi kitu chatembea juu ya ulimi. Nikatema. Nzi, mzima, mabawa yamelowa. Mjomba hakunipa hata pole. "Nzi hana sumu, ana tamaa tu," alisema. "Kunywa." Nikanywa, maana mjomba hakuwa mtu wa kurudia neno. Mpaka leo, rafiki yangu, uji nikipewa haushuki kabla sijaukoroga na kuukagua kama karani wa bandari.

Lakini si nzi niliyetaka kukueleza. Kuna kitu kilichonigeuza tumbo kuliko nzi yule, nacho si cha kuliwa. Ni maneno matupu, tena ya Kiingereza, mimi ambaye sikumaliza hata darasa la tatu.

Juzi nilikuwa kwa binti yangu, mtaa wa Barani. Nimepakuliwa wali kwa mchuzi wa papa, naanza kula, mjukuu wangu wa kike akasimama mlangoni na daftari. Shuleni wameagizwa waandike watu wa nyumbani wanafanya nini. Akawa aandika huku asoma kwa sauti: "My mother is cooking. The cat is sleeping." Kisha akanitazama, mkono wangu ukiwa mdomoni. "My grandfather is eating." Babu anakula. Kiingereza cha namna hiyo nakielewa, ndicho pekee nilichobaki nacho. Nikaisukuma sahani.

"Baba, chumvi imezidi?" binti yangu akauliza.

"La, mwanangu. Mchuzi ni mzuri."

Nikanawa mikono.

Kwetu ni Ganze, upande ule mkavu ambako mtu huota maji usiku kama wengine waotavyo pesa. Shule yetu ilikuwa ya udongo na makuti. Darasa la tatu lilikuwa na dirisha moja, tundu tupu lisilo na ubao, na lilitazama njia ya kwenda silanga, lile bwawa la kuchimbwa ambamo watu na ng'ombe tulikunywa pamoja. Kila mwanafunzi alitakiwa aje na mtungi mdogo wa maji aumwage kwenye pipa la walimu. Ukija mikono mitupu, saa nne ikigonga ni viboko vinne. Na saa nne hiyo hiyo ndiyo harufu ya mahindi ya kuchemsha ilipokuwa ikiingia kutoka jikoni, basi mtoto alipigwa huku mate yamtoka.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa kijana wa mjini, suruali ina mstari wa pasi ungeweza kukatia muhogo. Vitabu vilikuwa vitatu, sisi hamsini. Kwa hiyo alitufundisha kwa dirisha. Mtu akipita njiani, mwalimu alimwelekezea fimbo, auliza, "What is he doing?" Anafanya nini? Nasi twaitikia kama kasuku: "He is pushing a bicycle," anasukuma baiskeli. Mama akipita na mzigo: "She is carrying firewood," amebeba kuni. Sikufichi, niliyapenda. Nilikuwa hodari kuliko wote. Jioni nikawafundisha kuku, wewe unakula, wewe unakimbia, na nyanya yangu aliyenilea, ambaye kwetu twamwita hawe, akiwaambia majirani, "Nyamazeni, mjukuu wangu aongea na serikali."

Kisha mwalimu akachoshwa na kuni na baiskeli. Akaanza kutafuta ya kuchekwa. Mzee aliyetoka kunywa mnazi akiyumba, twasema anaanguka. Jirani yetu, mama mwenye mguu wa matende, twasema anaburuta mguu. Tukapiga meza kwa kicheko. Watu si wajinga, rafiki yangu. Maneno hawakuyajua, kicheko walikijua. Yule mama akaiacha njia, akawa azunguka vichakani kwenda maji, mguu ule, miiba ile. Nilimwona. Na kesho yake nilicheka tena.

Siku yenyewe nilisahau mtungi. Nimeketi, nahesabu viboko vyangu kabla havijaja, mara namwona hawe kwa mbali, na hando lake, ile sketi nyeupe ya marinda ya wazee wetu, mtungi wangu kichwani. Ameukuta nyumbani, amekwenda silanga mwenyewe, amekuja na goti lake bovu kuniokoa na fimbo. Akautua kando ya pipa, chini ya dirisha, akaketi apumue.

Mwalimu akatabasamu. "What is the old woman doing?"

"She is sitting," darasa likaitikia.

Hawe alikuwa atafuna tumbaku. Akatema.

"She is spitting!" Wakavunjika mbavu. Aliyekaa nyuma yangu akanidukua kwa kidole mgongoni. "Wee, si hawe wako huyo? Mwambie asituchimbie silanga ya pili hapo!"

Hawe akainama, akaziba tundu moja la pua kwa kidole, akapuliza la pili, akajipangusa kwa ncha ya hando. Ndivyo walivyofanya wazee wote, na hakuna aliyeona kinyaa mpaka siku hiyo. Fimbo ya mwalimu ikanielekea mimi. Neno la pua wenzangu walikuwa wamelisahau, mimi nilikuwa nalo. Ningeweza kunyamaza. Asiyejibu alipata viboko viwili tu, na mgongo wangu ulishavizoea.

Nikasimama. "She is cleaning her nose."

"Very good! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Hawe kusikia makofi akageuka, akaniona nimesimama peke yangu katikati ya darasa, akadhani nimeshinda. Naye akapiga makofi. Meno matatu, tumbaku kidevuni, apiga makofi.

Nimepasua samaki waliooza, nimezibua vyoo vya mahoteli Malindi. Hakuna kilichonipanda kooni kama sauti yangu mwenyewe siku ile. Leo shule ni ya mawe, dirisha lina vyuma, bomba limefika, siku likitaka, na njia ya silanga imeota majani. Wote waliopita pale wamekufa, na sisi tuliowacheka ndio tulio wazee. Harufu ya mahindi yale naitamani. Mengine, yaoze huko huko.

Siku ile, mwalimu bado anisifu, nikaliacha daftari mezani, nikatoka. Hawe alikuwa amepiga magoti, amimina maji kwenye pipa polepole, asipoteze hata tone.

"Umetumwa, mjukuu wangu?"

"Nimetumwa, hawe."

"Basi nenda mbio, usimcheleweshe mwalimu."

Nikaenda, wala sikurudi tena darasani.