Vanila ya Kidichi na posa ya Ami yangu

Wakuu, wa bara na wa visiwani, nawasalimu nyote. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimekaa intaneti kafe hapa karibu na soko la Darajani, nimelipia saa moja, na jamaa wa kaunta ananichungulia kama nnaangalia mambo. Siangalii kitu. Naandika historia ya ukoo.

Kila nikiingia humu nakuta nyuzi za "limeni vanila mutajirike", mtu kaweka picha kashika kijiti kimoja kama kashika sigara. Basi na mie nnaleta wa kwangu. Sikuongeza chumvi, na anayebisha aje Kidichi. Miti ya mibono tuliyoipandishia hiyo vanila bado imesimama, inaonekana kama wageni waliofika harusini wakakuta pilau limekwisha.

Twende taratibu.

Mie ni mwanafunzi, kidato cha pili. Kwetu ni Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa mbili, ya juu ishaanza kuteremka kumsalimia mwenziwe wa chini.

Mama aliona kukaa kwangu barazani kunaniharibu. Wenye baraza walisema mie ndo nnayeliharibu baraza. Pande zote mbili zikakubaliana nihamishwe.

Nikapelekwa Kidichi, kule juu ya Bububu, kwa Ami Seif, ndugu yake baba. Nisome skuli ya huko na nimsaidie shamba.

Ami Seif ni mtu mzuri. Kofia yake imenyooka siku zote, hata akiwa analima. Ila alikuwa kashapindukia arubaini hana mke, na alikuwa na baraka ya peke yake: kila alichokigusa kilirejea kwa Mola wake. Kafuga kuku, wakafa kwa mdondo. Kapanda nyanya, zikanyauka. Kanunua mbuzi wa maziwa, kumbe dume.

Halafu akasikia habari ya vanila.

Bwana shamba aliandaa semina ya siku mbili. Ami kenda siku ya kwanza, ya kupanda na kuchavusha. Siku ya pili, ya kuvuna na kukausha, kabaki nyumbani kapiga pasi kofia.

Nikamuuliza, "Ami, leo huendi?"

"Kwenda kufundishwa kukausha?" alisema. "Mie mtoto wa karafuu. Babu yako alikuwa na majamvi yanatandikwa kutoka hapa mpaka barabarani. Leo anifunze mtu kutandika jamvi?"

Wakuu, maneno hayo yawekeni pembeni. Tutayahitaji baadaye.

Sasa posa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu Mji Mkongwe anakaa Bi Rukia. Alishaolewa, akaachwa, anashona nguo za maharusi, na ulimi wake unachoma kushinda sindano ya cherehani. Ami alimtaka toka mie sijazaliwa, lakini kila akienda kuposa anarudi kavimba macho.

Kikwazo ni baba yake, Bwana Hilali. Ukoo wao zamani ulikuwa na mashamba ya karafuu. Mashamba hayapo tena siku nyingi, ila mzee bado anayasimamia kutoka dirishani. Ukimsalimia anakuuliza mvua za vuli zikoje.

Safari hii nilikwenda na Ami, kazi yangu kubeba sinia la halua.

"Unafanya nini siku hizi, Seif?" mzee aliuliza.

"Nalima, Bwana Hilali."

"Karafuu?"

"Vanila."

Mzee akakunja uso. "Hiyo si ya aiskrimu?"

"Ndiyo, lakini wenyewe wanasema ni dhahabu."

"Dhahabu haianikwi juani. Seif, mie mwanamme nnamjua kwa jamvi lake. Anayejua kukausha ana subira, ana macho, anajua mvua inatokea wapi. Asiyejua kukausha, mke atamshinda."

Sauti ya Bi Rukia ikatoka nyuma ya pazia. "Baba, mie si karafuu."

"Nyamaza, wanaume wanazungumza."

"Nnawasikia. Munazungumza majamvi."

Mzee akajifanya hakusikia. Akatoa hukumu: Ami avune hiyo vanila yake, aikaushe, halafu amwite aje aione kwa macho yake. Akiridhika, itasomwa fatiha. Asiporidhika, Ami asirudi tena pale, hata kwa kuazima ngazi.

Tukatoka. Ami akanambia kwa sauti ya chini, "Unaona? Kashakubali."

Basi ikaanza kazi; kamba za vanila tulizozipanda miaka mitatu nyuma ndo kwanza zinatoa maua.

Kwa wasiojua: ua la vanila linafunguka alfajiri, na likifika adhuhuri lishakwisha. Siku moja tu. Ndani yake mna mume na mke, na kati yao kuna kijipazia. Hawakutani mpaka mtu awakutanishe. Nyuki anayeijua kazi hiyo kabaki kwao Meksiko, hakupewa viza.

Kwa hiyo nyuki nikawa mie. Unachukua mwiba wa mlimau, unainua pazia taratibu, unawabana kwa kidole gumba. Umeshaozesha. Unakwenda ua la pili.

Ami macho yake hayaoni vya karibu, akaua maua mengi siku ya kwanza hata akajitoa mwenyewe. Akawa anasimama nyuma yangu kuhimiza. "Polepole, mwanangu. Hiyo ni mahari yangu unayoishika."

Fikirini. Mtu wa arubaini na kitu anangoja kuoa, na mshenga wake mtoto wa skuli mwenye mwiba.

Skulini nikawa nnachelewa kila siku. Mwalimu akaniuliza mbele ya darasa.

"Ulikuwa wapi?"

"Naozesha, Mwalimu."

"Unaozesha nani?"

"Maua."

Darasa likaanguka chini. Nikachapwa kwa kosa la kusema kweli, tena na mwalimu wa biolojia.

Tatizo la pili, watembezaji watalii. Kidichi ndo njia yao ya viungo. Siku moja nnatoka skuli nnamkuta mtembezaji kaingia shambani na wazungu wake, kachuma kamba nzima ya vanila na vijiti vyake vichanga, kamsokotea mama mmoja taji kichwani. Mama kafurahi, anapigwa picha.

Vile vijiti nilivyoviozesha mwenyewe, kimoja kimoja, na kiboko nikala kwa ajili yao. Leo viko kwenye albamu ya mtu huko Ulaya.

"Bwana, hiyo ni posa ya Ami yangu," nilimwambia.

Mtembezaji akawatafsiria wageni kitu kirefu. Wakanipigia makofi.

Tukangoja. Vanila inakaa juu ya mti miezi tisa, kama mimba, na Ami akawa na tabia zote za mjamzito. Halali, hali, kila akiona wingu anashika kiuno. Hatimaye vijiti vikaanza kupiga umanjano kwenye ncha, tukavuna. Vilikuwa vizuri, vinene, virefu kama kunde zilizolelewa vizuri.

Hapa ndo penye stori yenyewe.

Mie nlikuwa nishapita kafe hii hii, nikatafuta namna ya kuikausha. Nikarudi nikamweleza Ami kama nilivyosoma: kwanza unavitumbukiza katika maji ya moto kidogo, halafu unavifunika mablanketi vitoke jasho, halafu unavipa jua la kuonja tu, unavirudisha kwenye blanketi, hivyo hivyo wiki kadhaa.

Ami akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nivikoshe maji ya moto."

"Ndiyo."

"Halafu nivilaze kwenye blanketi."

"Ndiyo, Ami."

"Na usiku niviimbie?"

Wakuu, mie nyumbani nna sifa ya utani. Na ukweli, hata nilipokuwa nnayasema, niliyasikia yalivyo. Ningekuwa mie Ami, na mie ningenifukuza.

"Ami, wallahi hii ya kweli. Imeandikwa."

"Babu yako alikausha karafuu kabla hiyo intaneti haijatahiriwa. Toa majamvi."

Tukatoa majamvi. Tukaanika jua kali, la kukaushia papa. Ami alivigeuza baada ya kila swala, kimoja kimoja, kama anageuza mgonjwa. Wingu likipita anaondoa majamvi mbio, kanzu kaishika kwa meno. Alivilinda na umande, na kuku wa jirani, na mie. Sijapata kumuona mtu anafanya kosa kwa juhudi namna ile.

Karafuu ikikauka vizuri unaivunja kwa kidole, inalia tak. Ndo kipimo cha wazee. Na vijiti vyetu vikafika hapo. Vikawa vinalia.

Ami akaona siku yake imewadia, na kwa hekima zake akawaita wote wawili kwa pamoja: mnunuzi wa vanila kutoka Dar, na Bwana Hilali, ili mkwe ashuhudie biashara inafanyika mbele yake.

Mzee akawekewa kiti kivulini. Mnunuzi kafika, kijana wa shati la kuchomekea, na kimzani chake kidogo. Ami katandika jamvi jipya. Akachagua kijiti kirefu kuliko vyote, akakisogeza karibu na sikio la mnunuzi, akakivunja.

Tak.

"Sikia hiyo," Ami alisema.

Mnunuzi akatazama vile vipande viwili. Akatazama jamvi.

"Vizuri, mzee. Na vingine viko wapi?"

"Vingine vipi?"

"Vile vya kuuza."

Kijana hakuwa na kiburi, nasema kweli. Akafungua mkoba wake akatoa kijiti cha kwake, cheusi, kinang'aa mafuta. Akakizungushia kidoleni kama pete, akakikunjua, hakikuvunjika. Akatupatia tunuse.

Kile kilinukia kama asubuhi ya Idi nyumba za wenye uwezo. Nikanusa na chetu. Kilinukia ufagio.

"Mumezipika juani," mnunuzi alisema. "Harufu yote imeondoka. Hizi, samahani, hata nikizipakia, kule watazitumia kuwashia moto."

Akanywa dafu letu, akashukuru, akaaga kwa adabu. Lile dafu ndo mazao pekee ya Kidichi yaliyokwenda Dar siku ile.

Ami alivua kofia. Mie sijapata kumuona kichwa wazi nje ya nyumba. Alikaa pale chini mbele ya jamvi, hakumtazama mkwe, hakunitazama mie. Na mie, wakuu, nlikuwa na utani kama saba tayari mdomoni, wote ukakauka.

Bwana Hilali akainuka kwa mkongojo wake. Akaja mpaka kwenye jamvi. Akaokota kijiti, akakivunja. Tak. Akaokota cha pili. Tak.

"Seif."

"Naam."

"Ulikuwa ukivigeuza?"

"Kila baada ya swala."

"Mvua?"

"Haikugusa hata kimoja."

Mzee akavunja cha tatu, nahisi hiki cha tatu kilikuwa kwa raha zake tu. Halafu akageukia njia aliyopita mnunuzi.

"Mtoto yule kaleta kitu kibichi, kinapinda kama ulimi wa ng'ombe, anatwambia ndo kizuri. Angeleta karafuu kama ile mbele ya baba yangu, angelala nje." Akatia vijiti viwili katika mfuko wa koti. "Miaka mingapi sijaona mtu kakausha hivi. Ijumaa njoo na wazee wako."

Mie nikafungua mdomo kusahihisha, kwa kuwa nimesoma. Ami akanikanyaga mguu bila ya kunitazama. Nikaufunga.

Fatiha ikasomwa Ijumaa. Harusi ikafuata, Bi Rukia kajishonea nguo mwenyewe, na Ami alikula pilau kama mtu aliyetoka kifungoni.

Mambo yangeishia hapo, lakini wiki iliyopita mie, Ami na mkewe tulikwenda kumtazama Bwana Hilali. Vijiti vyetu kaviweka ndani ya chupa, kabatini, pamoja na vitu vyake vya heshima. Akija mgeni anatoa kimoja, anakitia kwenye birika la kahawa. Tukamiminiwa.

"Munaisikia hiyo ladha?" mzee alisema, kafumba macho. "Wa Dar hawajui kitu."

Ami akaitikia, "Hawajui, baba."

Nikabeba vikombe kupeleka jikoni, nikamkuta Bi Rukia.

"Bi Rukia, mbona mie nimesikia hiliki tu?"

"Kwa sababu nimetia hiliki."

"Na vanila?"

"Inaelea. Na wewe mwana ukimwambia baba, nakurejesha barazani kwenu kwa mkono wangu."

"Kwani ulijua toka lini?"

"Toka siku ile baba aliporudi na vile vijiti mfukoni. Nilivinusa kabla hajavua viatu." Akakosha kikombe, akakipindua. "Nikauliza ulikuwaje ukaushaji. Nikaambiwa Seif kavigeuza baada ya kila swala. Nikasema basi. Mwanamme anayehangaikia ukuni namna hiyo kwa ajili yangu, akipata kitu cha maana itakuwaje?"

Nikachukua kitambaa nikamfutia vikombe.

Basi wakuu, funzo kwa wanaotaka kulima vanila: semina nendeni siku zote mbili, hata kama babu yako aliwahi kuwa na majamvi. Usikaushe kitu kwa ujuzi wa kitu kingine. Na watembezaji watalii wafungieni lango.

Mie niliozesha maua shamba zima, halikutupa hata nauli ya Bububu. Ndoa iliyosimama ni moja tu, nayo sikuishika kwa mwiba.

Ami sasa anazungumzia kulima zafarani. Mwenye kujua kama inaota Kidichi aseme, na mwenye kujua jinsi inavyokaushwa tafadhali aandike mwenyewe na umri wake, maana mie nikimwambia hataniamini. Wanaotaka kucheka na wacheke, jamaa wa kaunta kashagonga meza, saa yangu imekwisha.