Jeli, Vidonge au Sindano: Methusela Arudi Shimoni

Saa kumi na moja na robo alfajiri kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, imeshaiacha lami ya Nzuguni, inaruka mashimo ya barabara ya vumbi kuelekea Makutupora. Nyuma kuna winchi ya chuma, kamba ya mita arobaini, sururu mbili, mtaimbo, ndoo sita na wanaume wawili waliojifunika makoti. Ni Julai, na upepo wa Julai Dodoma unakata masikio.

Mmoja wao amekaa vizuri. Mwingine, Methusela Ndahani, amekalia upande mmoja tu wa makalio. Ule mwingine ameuinua juu, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa vizuri, bwana harusi," anasema yule aliyekaa vizuri, Sostenes. "Safari bado ndefu."

"Ungechomwa wewe ile sindano jana, Sosi, leo ungekwenda Makutupora kwa miguu. Ile si dawa, ni asali wanaisukuma."

Wanacheka mpaka dereva anageuza shingo kuangalia kama kuna kilichoanguka.

Methusela ana miaka arobaini na mitatu. Ni mchimba visima vya mkono, wa sururu na ndoo, na kazi hiyo ameifanya pamoja na Sostenes kwa miaka kumi na miwili. Yeye huteremka shimoni. Sostenes hushika winchi juu. Lakini leo ni mara ya kwanza anakwenda kuteremka baada ya miezi ishirini na sita.

Na leo si mchezo. Sostenes, mwenye miaka hamsini na mmoja, amepata mtu wa kuinunua winchi. Ndugu yake yuko Mtera anavua samaki, na amemwita. Maneno yake kwa Methusela yalikuwa mafupi: wiki moja, mita moja kila siku. Ukiweza, tunaendelea. Ukishindwa, winchi inauzwa na kila mtu ashike njia yake.

*

Kilichotokea miezi ishirini na sita iliyopita, Methusela anakisimulia bila kuzunguka. Walikuwa wanachimba katika kijiji kimoja upande wa Chamwino. Kamba ikaruka kwenye roda, lile gurudumu inamopita, akiwa ananing'inia, akaanguka kama mita mbili, kisha kamba ikanasa ghafla. Ilimnasa katikati ya mapaja.

"Nilisikia uchungu ambao sina jina lake," anasema. "Korodani moja waliitoa hospitalini siku ileile. Ya pili walinirudishia, lakini ilikuwa kama mfanyakazi anayelipwa mshahara bila kufanya kazi."

Kidonda kilipona. Mtu ndiye hakupona. Alikuwa analala mchana, usiku jasho linamtoka. Ndevu zikawa chache. Sururu ya kilo chache ikawa nzito kama gunia la mahindi.

"Nilikuwa nalia nikiona tangazo la sabuni kwenye televisheni," anasema. "Mtoto ameogeshwa, mama anatabasamu, mimi machozi."

Mtaani walishasema yao: Methusela kwisha. Nyumba iliendeshwa na mkewe, Edina, kwa maandazi ya asubuhi. Mume aliyezoea kupata shilingi elfu sitini kwa kila mita ya shimo akawa anapepea moto.

Mwezi wa sita baada ya ajali ndipo daktari alipompima damu, mara mbili, asubuhi na mapema. Akaambiwa homoni ya kiume, testosteroni, imebaki kidogo sana mwilini. Inaweza kurudishwa kwa dawa, ila ni dawa ya maisha, na ina njia kadhaa.

Kabla ya yote daktari aliuliza kama bado wanataka mtoto, maana dawa hiyo huzima hata mbegu chache zilizobaki. Methusela alikuwa bado anafikiria. Edina akajibu, "Daktari, wapo watatu, na wanakula kama nzige. Andika dawa."

*

Njia ya kwanza ilikuwa sindano ya kila baada ya wiki tatu. Bei yake ilimfaa: elfu kumi na tano kwa kichupa. Ili ajue nguvu imerudi kiasi gani, Methusela alianza kuchimba shimo pana la taka nyuma ya nyumba, akihesabu ndoo za udongo.

Wiki ya kwanza baada ya sindano alitoa ndoo sitini kwa siku. Wiki ya pili arobaini na tano. Wiki ya tatu, kumi na nane, na siku nyingine hakutoka kitandani.

"Nilikuwa na waume watatu," anasema Edina, huku akigeuza maandazi. "Wa wiki ya kwanza anataka kuihamisha nyumba kwa mikono, anagombana mpaka na jogoo. Wa wiki ya pili ni mtu mzuri, ningemuoa tena. Wa wiki ya tatu anataka nimlishe uji."

Mwezi wa sita wa sindano hizo, kipimo kilionyesha chembe nyekundu zimezidi na damu imekuwa nzito. Kwa mtu wa kushuka shimoni kwenye hewa kidogo, hilo si jambo la kupuuza. Daktari akazisimamisha na kumwandikia jeli.

Jeli hupakwa mabegani kila asubuhi. Haina kupanda na kushuka. Homoni huingia kidogo kidogo kila siku. Methusela aliifurahia. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, Edina akammiminia na kumsugua mabega kwa viganja vyake viwili, kama alivyozoea kumkanda mafuta tangu walipooana. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza. Waliikunja, wakawekea mguu wa meza usiyumbe.

Baada ya miezi miwili na nusu mume alikuwa vilevile. Mke ndiye aliyebadilika.

"Chunusi zilinitoka kama msichana wa kidato cha pili," anasema Edina. "Halafu siku moja najiangalia kwenye kioo, naona nywele tatu kidevuni. Nene! Nikazing'oa, zikarudi. Nikamwambia Methusela, baba, wewe unatibiwa lakini ninayepona ni mimi."

Wakaenda mjini kwa Insiya. Insiya ni mfamasia wa miaka thelathini na minne, anaendesha duka la dawa lililoanzishwa na babu yake, na ndiye aliyewauzia jeli. Alimtazama Edina kidevuni, akamtazama Methusela, akauliza swali moja.

"Kaka Methusela, jeli unajipaka mwenyewe?"

"Ah, dada Insiya, mke ninaye halafu nijipake mwenyewe?"

"Na dada Edina, unavaa glavu?"

"Za nini? Mume wangu ni moto?"

Insiya alikaa chini akacheka, kisha akaacha kucheka na kuwaeleza. Jeli hupita kwenye ngozi yoyote inayoigusa. Anayetumia hujipaka mwenyewe, hunawa mikono kwa sabuni, huacha ikauke na kufunika kwa nguo, na mtu mwingine hatakiwi kugusa pale mpaka paoshwe. Mwanamke na mtoto ndio wa kuogopewa zaidi. Akamtuma Edina kupima damu siku hiyohiyo.

"Kosa lilikuwa langu pia," Insiya anasema. "Niliuliza kama amesoma karatasi, akasema ipo nyumbani. Sikuuliza ipo wapi nyumbani. Siku hizi namwambia mteja anirudishie maelezo kwa mdomo wake kabla hajatoka."

Je, wangeendelea na jeli bila mkono wa Edina? Methusela alifikiria kazi yake. Shimoni mikanda ya kamba hukaa mabegani, jasho hutiririka, na Sostenes ndiye humfunga na kumfungua mikanda hiyo kwa mikono yake. Nyumbani mtoto wa mwisho, wa miaka mitano, hulala juu ya mgongo wa baba yake.

"Sikutaka binti yangu aote ndevu kabla hajaanza shule," anasema.

Njia ya tatu ilikuwa vidonge, ambavyo Insiya alivitafuta kwa kuagiza. Ni rahisi kumeza na havigusi mtu mwingine. Lakini hivyo alivyopewa vinataka kumezwa na chakula chenye mafuta, asubuhi na jioni, la sivyo mwili hauvichukui. Methusela alivimeza kwa ugali na mlenda, chakula alichokulia, na mlenda hauna mafuta. Kipimo kikarudi chini. Edina akaanza kuongeza samli na karanga. Homoni ikapanda kidogo, kitambi kikapanda zaidi.

"Halafu nikajiuliza," anasema Methusela, "niko mita kumi na mbili chini ya ardhi, saa ya dawa imefika. Watanishushia samli kwa ndoo?"

*

Ikabaki sindano ya muda mrefu, ile aliyochomwa jana. Ya pili huchomwa wiki sita baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya wiki kumi na mbili hivi. Ni mafuta mazito, huingizwa polepole kwenye tako, na mgonjwa hukaa hospitalini nusu saa akiangaliwa kabla ya kuruhusiwa. Mara ya mwisho ilimgharimu laki mbili na ishirini kwa mkupuo.

Pesa hiyo ilimtisha. Edina ndiye aliyemtuliza: "Nilikuwa na waume watatu kwa bei rahisi. Nitalipia mmoja kwa bei ghali."

Ya jana ilikuwa ya nne. Vipimo viwili vilivyopita homoni imekaa palepale, damu si nzito, na daktari amemruhusu kushuka kwa sharti la kurudi kupimwa, pamoja na tezi dume. Lile shimo la nyuma ya nyumba hutoa ndoo hamsini na tano kwa siku, wiki yoyote ile.

Insiya hataki mtu asome haya akadhani amepata dawa ya nguvu. "Kila wiki anakuja mwanaume kuniambia amechoka, nimpe alichopewa yule mchimba visima," anasema. "Namwambia, umechoka kwa sababu hulali. Nenda kapime damu kwanza. Na kama homoni ipo chini kweli, usiulize njia ipi ni nzuri. Uliza ipi inaendana na kazi yako, mfuko wako na watu unaolala nao nyumba moja."

*

Saa moja asubuhi kirikuu inasimama kwenye shamba la Lydia, mama wa miaka hamsini na minane mwenye eka moja ya zabibu. Mizabibu imeshakatwa matawi na inasubiri maji ambayo hana. Miaka miwili amenunua ya boza, lori la maji.

"Mbukwenyi!" anawasalimu kwa Kigogo, na wanaume wote wawili wanaitikia na kumwamkia shikamoo. Kisha anamtazama Methusela. "Ndiye huyu fundi? Niliambiwa alikufa."

"Nilikufa kidogo, mama. Nimerudi."

Shimo lina mita mbili zilizoanzwa na vijana waliokimbia walipokutana na udongo mgumu. Sostenes anafunga winchi. Anamfunga Methusela mikanda, anafungua, anafunga tena. Mara ya tatu Methusela anamwambia basi. Anakaa ukingoni, anaachia miguu, na kamba inakaza.

Halafu haendi popote. Ananing'inia nusu mita chini ya ukingo. Juu, Sostenes ameshika mpini wa winchi kwa mikono miwili na hauzungushi. Tangu siku ya Chamwino hajawahi kumshusha mtu mwenyewe. Vijana aliowaajiri walishushana wao kwa wao.

Dereva anaacha kutafuna muwa.

"Sosi," sauti inatoka shimoni, "unanishusha au unanianika?"

"Nyamaza kwanza."

"Nikauke, unipeleke sokoni na mboga zingine?"

Sostenes anaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Anajifuta kwa bega kwa kuwa mikono haiwezi kuachia. Mpini unazunguka robo, nusu, mzunguko mzima. Kamba inashuka polepole mpaka inalegea, na sururu inaanza kulia chini.

Ndoo ya kwanza inapanda saa moja na nusu. Kufikia saa sita zimepanda thelathini na sita, na kutoka chini inasikika sauti ya mtu anayeimba vibaya sana.

"Kwaya hakuwemo, nadhani," anasema Lydia.

"Walimfukuza," anajibu Sostenes. "Kabla ya ajali."

Jioni ndoo ni sabini na moja. Sostenes anateremsha kipimo cha kamba. Anakipandisha, anakiangalia, anakiteremsha tena. Mita moja na vidole vinne.

*

Wiki ya Sostenes ilitimia na mita zake saba, na maji yalionekana siku ya kumi na tatu, kwenye mita kumi na nne. Methusela alipandishwa akiwa amelowa tope mpaka kwenye nyusi. Edina alikuwa amepanda boda kutoka Nzuguni, na alimkumbatia hivyohivyo mbele ya watu wote, akisema sasa anaweza kumshika mume wake bila kuota ndevu.

Lydia anamwagilia mizabibu yake asubuhi na jioni, na ameacha kununua maji ya boza. Nywele za Edina kidevuni zilikonda zikaacha kuota. Damu yake ilirudi sawa, chunusi zimebaki mbili. Jeli iliyobaki walimrudishia Insiya ili iharibiwe. Karatasi ya maelezo bado iko chini ya mguu wa meza.

Insiya amemwomba mtu amwandikie maelezo ya jeli kwa Kiswahili na ameyabandika ukutani. Sostenes alikwenda Mtera siku tatu, akala samaki kwa ndugu yake, akarudi. Mnunuzi wa winchi amenunua ya mtu mwingine.

Methusela atachomwa sindano ya tano mwezi wa kumi. Wana visima vingine viwili vya kuchimba kabla ya mvua. Shimo la nyuma ya nyumba yake, ambalo halijatupiwa taka hata siku moja, limefika mita saba. Familia bado inanunua maji kwa ndoo. Anasema akimaliza kazi za watu ataendelea nalo mpaka aone maji.