Keke Inataka Watu Wawili

Hebu mtazame anavyokuja, msomaji wangu. Mwanamume wa miaka sitini na nne anapanda vijia vya Cimpunda, mtaa wa mlimani, baada ya mvua ya mchana, gunia la vifaa begani, udongo umeng'ang'ania viatu mpaka vimekuwa vizito kama matofali. Anaitikia salamu kila mlango, ila hasimami. Huyo ni Cyprien, seremala. Vitanda vya nusu ya mtaa huu vimetoka mikononi mwake, na majeneza pia, tusifichane. Leo anahamia nyumba ya mbao aliyoijenga mwenyewe, chumba kimoja na jiko, na anahamia peke yake. Mkewe, Gisèle, alifariki mwaka jana. Binti yao ameolewa Kamituga, na barabara ya kule, wakati wa mvua, ni hadithi nyingine.

Sasa, kwa kina Cyprien kuna jambo ambalo baba yake alilishika kuliko rozari. Moto wa kwanza wa nyumba mpya hauombwi kwa jirani wala hauwashwi kwa kiberiti. Unapekechwa kwa keke, kile chombo cha seremala cha kutobolea mbao, na watu wawili. Mmoja anavuta uta, huku na huku, kamba ikizungusha kijiti juu ya ubao mkavu. Mwingine anakandamiza kijiti kwa juu, kwa jiwe lenye kishimo. Anayeshika jiwe ndiye mwenzako wa nyumba. Na nyumba iliyoombewa moto, alisema mzee yule, utakaa humo kama mgeni mpaka uzeeke. Cyprien na Gisèle walihama mara tatu. Mara zote tatu yeye alivuta, mkewe akakandamiza.

Basi alichotaka leo ni kidogo tu: asilale mgeni kwake mwenyewe.

Alifikiri kiseremala. Mkono haupo, tutengeneze mkono. Akafunga ubao ukutani kwa bawaba, akalifunga jiwe chini yake, akaning'iniza mfuko wa misumari kwenye ncha ili uzito ukandamize. Akapiga goti, akaweka majani makavu ya mgomba karibu, akaanza kuvuta. Wallahi mkono ule wa mbao ulifanya kazi! Kijiti kilizunguka, vumbi jeusi likaanza kujikusanya kwenye pengo la ubao, na moshi ukapanda, mwembamba kama uzi.

Hapo keke ikalia. Wii! Wii!

Seremala yeyote, keke ikilia, mkono wake unajua pa kwenda. Mkono wa Cyprien ulikwenda kwenye kipande cha sabuni, ukapaka ncha ya kijiti, ukarudi kazini, yeye mwenyewe hajui. Kelele ikaisha. Moshi nao ukaisha. Alipochungulia, tundu lilikuwa linang'aa kama kioo. Mti unateleza tu, haukwaruzi, na usipokwaruza hautoi moto.

Mara zote tatu alikuwa amefanya hivyohivyo. Na mara zote tatu Gisèle alimpiga kofi mkononi kabla sabuni haijafika.

"We Cyprien! Ile ni moto, haiko kabati!"

Alicheka alipomkumbuka. Akacheka peke yake katika chumba kisicho na pazia, sauti ikagonga mbao, ikamrudia. Mkono wa mbao ulikuwa bado umekandamiza jiwe kwa utii, wala haukuwa na neno la kumwambia.

"Hodi hapa! Papa Cyprien, uko unapika moshi?"

Alikuwa Marie-Louise, mjane wa nyumba ya chini, muuza makala, yaani mkaa. Alisimama kizingitini na mbabula yake, jiko lake dogo la bati, makaa yamewaka mekundu.

"Karibu, maman. Bado sijawasha."

"Njo maana nimeleta moto. Unapendaka baridi?"

"Aksanti. Lakini moto ya kuomba, kwetu..." Akamweleza yote: uta, jiwe, mwenzako wa nyumba. Hata sabuni akamweleza.

Marie-Louise alicheka mpaka makaa yakatikisika. "Fundi mukubwa, kumbe unapakaka moto sabuni! Toboa tundu ingine, papa. Uvute. Mimi nitashika ile jiwe."

"Umesikia vile nilisema? Mwenye kushika..."

"Nilisikia. Masikio yangu haiko makala." Hakucheka tena. "Mimi pia ninakulaka peke yangu, Papa Cyprien. Lakini kama hautaki, sema, nipitishe mbabula, uote, tuache maneno."

Cyprien akauondoa mfuko wa misumari kwenye ncha. Akauinua ubao, akafungua kamba, jiwe likamwangukia kiganjani. Upande mmoja lilikuwa limelainika, mahali kidole gumba cha Gisèle kilipokuwa kikikaa. Alijua kwamba akimkabidhi mama huyu, gumba lingine litakaa palepale. Alijua pia kwamba mbabula ikivuka kizingiti, atakuwa mgeni humu. Na vyote viwili akivikataa, ataingia kitandani na baridi ya milima.

Mama wa watu amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mbabula, wa pili ameunyoosha mtupu. Hamwambii aharakishe.

Wewe unayenisoma, ingekuwa kiganja chako ndicho chenye lile jiwe, ungefanyaje?