Jiwe la Mama limeingia kwa samaki

Ndugu zangu, leo alasiri Mama ameniomba jiwe lake.

Mama anaumwa, maji hayamfai, kwa hiyo anatayamamu kwa jiwe badala ya kutawadha. Alilibeba toka ufukwe wa ziwa pale Magara mwaka 1972, walipokimbia mauaji kwenda Kigoma. Akarudi nalo hapa Rumonge.

Dirishani linapokaa, halipo.

Nikamuuliza mume wangu.

“Lile jeusi? Nimelitia kwa samaki, liote ukoga.”

Ana kasamaki kamoja mu tanki la kioo, kanakula ule ukoga wa kijani juu ya mawe. Nakuta kamekwisha kulifanya jiwe lake, kanalizunguka kama mwenye nyumba.

Sala inapita. Nikamwambia Mama ukweli.

Akaomba tumusogeze karibu ya tanki.

“Mukwe wangu, hata kuuliza?” akamwambia mume wangu.

“Nisamehe, Mama. Nalitoa sasa hivi.”

Mkono wake umeshaingia majini.

“Ngoja. Maji haya umeyateka wapi?”

“Ziwani, Mama. Pale Magara.”

Akaliangalia sana lile jiwe.

“Basi liache. Limefika kwao.”

Akagusa ukuta wa udongo kwa viganja, akapangusa uso na mikono, akaswali.

Nyinyi mungelitoa?