Mto wa Mama Goreti na mkanda wa gita langu

Leo kanisani nimewekewa mto wa kulalia miguuni. Mbele ya watu wote!

Ngoja niwaeleze.

Jumapili iliyopita korali iliruka, na mi mpiga gita wao nikaruka nao. Mkanda ukachomoka kwenye kile kifungo cha nyuma ya gita, gita likaanguka sakafuni puu! Watu wakacheka, hata mchungaji.

Wiki nzima ni ushauri tu. "Funga na waya." Waya ukwangue mbao yangu? Apana! "Tia gundi." Halafu mkanda nitautoaje?

Mi nikaenda kwa fundi baiskeli hapa mtaani Cibitoke, nikaomba kipande cha mpira wa ndani wa tairi uliochoka. Nikakata viduara viwili, nikavitoboa katikati. Unavalisha mkanda kwenye kifungo, kisha unasukuma mpira juu yake, unabana kabisa. Basi.

Leo nasimama na gita, Mama Goreti wa sauti ya pili akaja polepole na mto wa kwake nyumbani, akauweka chini miguuni pangu.

"Mwanangu, usikasirike. Ni juu ya ile gita tu."

Heee!

Nikasubiri kiitikio. Nikaruka. Nikaruka tena. Nikaliachia gita, mikono yote juu, nikazunguka!

Gita liko palepale tumboni.

Vigelegele! Na wa kwanza kupiga ni Mama Goreti mwenyewe.

Wapiga gita wa jiji letu la Buja, nyinyi mnafungaje mikanda? Semeni hapa.

Mto wake Mama Goreti alikuja kuuomba baadaye. Nikamwambia asubiri mahubiri yaishe, nimeukalia.