Tarishi Kwenye Fungate Yangu

Mwaka ule mume wangu alikuwa na uwezo wa kutoa kimoja tu, kodi ya kichwa au mahari yangu. Akatoa mahari, kodi akaiambia ingoje. Kodi haikungoja. Miaka ile ya hamsini, mwanamume wa Kigombe aliyeshindwa kulipa alichukuliwa akailipe kwa mikono yake, kuvunja mawe ya barabara huko Pongwe.

Tarishi wa jumbe alikuja kumchukua siku ya tatu ya fungate yetu. Tulikuwa nyumbani kwa mama, mimi na bwana harusi chumbani, mlango umerudishwa, na somo wangu, yule kungwi aliyenifunda, ndiye aliyeingia na chai na vitumbua. Bwana harusi hatoki mpaka siku saba zitimie. Tarishi alikuwa mtu wa pwani kama sisi, mila hiyo aliijua. Alimwamkia mama shikamoo, akaomba mkeka, akaketi barazani.

"Sina haraka, mama," alisema. "Waache wamalize fungate yao."

Mama alimwona muungwana. Mimi nilimchukia. Angevunja mlango tungepiga kelele, watu wakajaa, lakini kwa adabu ile tungemfanya nini? Nilizungumza na mume wangu kwa kunong'ona, maana kikohozi cha yule mtu kilikuwa chini ya dirisha letu. Na chakula alipelekewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Huyu alikuja mwenyeji augue. Alikula wali wa harusi yangu mchana na jioni, akausifu.

Mwenye duka, Mhindi jirani yetu, alikuja kumpa mama pole. Alisimulia kuwa huko Bara Hindi, zamani za kale, wafalme walitoza kazi kama kodi. Asiye na nafaka ya kutoa alitoa siku zake, fundi kwa ufundi wake, mkulima kwa mgongo wake. Nadhani alitaka kutuliwaza. Niliyasikia yote kutoka chumbani nikazidi kuudhika, kana kwamba dhuluma ikiota mvi inakuwa halali.

Siku ya sita nilivua bangili zangu za mahari, nikamwekea mume wangu mapajani, nikamwambia auze alipe. Alinivisha tena, moja moja.

"Sikombolewi kwa mahari ya mke wangu," alisema.

Nilimsihi somo awaambie watu kuwa fungate ni siku kumi. Alicheka, kisha machozi yakamtoka. Siku ya saba mama alipika karamu ya kumaliza fungate, maana kutopika ni aibu, na tarishi alikula pamoja na wageni. Akanawa, akamshukuru mama, akasimama. Mume wangu alitoka na kikoi chake kipya, hina ya harusi bado i miguuni. Mimi bibi harusi sikuruhusiwa kufika hata barazani. Nilibaki ndani nimeshika komeo la mlango, nikilia kwa hasira.

Aliporudi, hina yangu ilikuwa imefutika na viganja vyake vimepasuka. Mama alimshukuru Mungu, akasema yamekwisha.

"Ya mwaka huu," mume wangu akajibu.

Nikavua bangili, nikamtilia kiganjani. Safari hii alifumba vidole.